Orsola na Ubao wa Maji

Kila asubuhi, kabla ya kunywa maziwa yake, Orsola alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mtu mwingine nyumbani aliyeigusa. Alichukua simu ya bibi yake, akafungua ratiba ya maji, kisha akaandika namba kwa chaki kwenye ubao mdogo uliotundikwa karibu na mlango wa jikoni: maji yatajaa kiasi gani na saa ngapi, yatapwa kiasi gani na saa ngapi. Baba aliusoma ubao huo akivaa viatu. Mama, ambaye ni muuguzi, aliusoma akifunga vifungo vya koti. Hata mzee Gino wa nyumba ya jirani, mchukuzi wa mizigo, alikuwa akigonga dirisha na kuuliza, "Orsola, leo maji yanasemaje?"

Kwetu Venisi watu huuliza habari za maji kama watu wa kwingine wanavyouliza habari za mvua. Yakijaa sana, unatembea na viatu vya mpira. Yakipwa sana, boti yako inakaa juu ya tope kama kuku juu ya mayai, na wewe unaikodolea macho.

Orsola alikuwa na miaka kumi na mmoja, na sifa yake kubwa ilikuwa kujua. Mwalimu akiuliza swali, mkono wake ulipanda kabla swali halijaisha. Wenzake walimwita Profesa, na ingawa walimwita hivyo kwa kumtania, yeye alilipenda jina lenyewe. Jambo moja tu lilimshinda: kutamka neno "sijui". Lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Akiulizwa asichokijua, alibuni jibu, tena alilisema kwa sauti ya uhakika hivi kwamba hata watu wazima walitikisa vichwa kukubali.

Majira yale ya baridi kazi ya ubao ilikuwa imeanza kumchosha. Tangu milango mikubwa ya chuma iwekwe kule maji yanapoingilia kutoka baharini, maji makuu hayakuingia tena jikoni kwao, na king'ora cha kuonya maji yakijaa kilikaa kimya wiki nyingi. Jumatatu moja ya mwisho wa Januari aliandika namba kama kawaida. Jumanne alichelewa kuamka kwa sababu alikuwa anasoma kitabu kuhusu pweza. Akafuta neno "Jumatatu", akaandika "Jumanne", na namba akaziacha zilivyokuwa. Hakuna aliyegundua. Jumatano akafanya vivyo hivyo. Alhamisi na Ijumaa hakuona hata aibu tena. Kuzoea kudanganya ni rahisi kuliko kuzoea kuamka mapema.

Ikafika Jumamosi, na Jumamosi hiyo haikuwa siku ya kawaida. Mama Mdogo Loredana, mdogo wake mama, alikuwa anarudi kutoka Ajentina baada ya miaka saba. Alikuja na watoto wawili ambao hakuna mtu wa Venisi aliyewahi kuwaona ila kwenye picha: Tobia wa miaka mitano, na Agnese wa miezi kumi. Ndege ilitarajiwa kutua saa saba mchana. Mama alikuwa zamu hospitalini hadi jioni, kwa hiyo kazi ya kuwapokea iliangukia kwa baba.

"Mimi naona tuchukue basi," alisema baba, akijimiminia kahawa. Jina lake lilikuwa Ivano, na alikuwa mwoka mikate. Usiku huo alikuwa amelala kwa saa nne tu. "Basi linatoka pale pale uwanja wa ndege. Dakika ishirini tumefika penye mwisho wa barabara."

Bibi Nives aliweka mwiko chini. "Halafu?"

"Halafu tunatembea, mama."

"Na mtoto mchanga, na kigari chake, na masanduku matatu, na madaraja kumi na moja! Ivano, wewe ni mkwe mwema, lakini mtu wa bara ni mtu wa bara tu. Wajukuu zangu wanaingia mjini kwao mara ya kwanza. Mtoto wa kwetu huingia kwa maji. Kwa basi waingie watalii."

Baba alicheka, akainua mikono kusalimu amri. Kweli alizaliwa bara, ng'ambo ya daraja refu, na aliendesha boti ya familia polepole, kama mtu aliyebeba sinia la mikate ya moto. Ya maji hakuyajua vizuri, naye hakuona haya kusema hivyo. Ndiyo maana aliuamini ubao kuliko mtu yeyote. Aliusogelea, akausoma kwa sauti.

"Kupwa: saa sita mchana, sentimita ishirini na tano juu ya alama ya kupimia. Basi sisi tukirudi na wageni saa nane, maji yatakuwa yanapanda. Vizuri. Orsola, umeangalia leo?"

"Nimeangalia, baba," alijibu Orsola, akiinamia kamba za viatu vyake. Alichungulia dirishani. King'ora hakikulia, uchochoro ulikuwa mkavu, mfereji ulikuwa na maji yake. Kuna nini cha kuhofia?

Walifika gati la uwanja wa ndege mapema, wakafunga boti, wakaingia ndani kusubiri. Mlango wa wageni ulipofunguka, Loredana alitoka akisukuma kigari kwa mkono mmoja na kuburuta sanduku kwa mwingine. Nywele zilikuwa timutimu na koti lina madoa ya maziwa. Tobia alimfuata akiwa amekumbatia begi lake, macho yakizunguka huku na huku.

"Shemeji!" alisema Loredana, na hapo hapo akaanza kulia. "Usinijali, nimechoka tu. Saa ishirini njiani. Huyu Agnese hajalala, na maziwa yamebaki chupa moja."

"Karibu nyumbani, shemeji. Baada ya saa moja tu utakuwa jikoni kwa mama yako."

Tobia alimtazama Orsola kutoka viatuni hadi kofiani. "Wewe ndiye dada Orsola? Mama anasema wewe unajua kila kitu."

"Karibu kila kitu," alisema Orsola, akajaribu kuonekana mnyenyekevu. Hakufaulu.

Walipofika tena gatini, jambo la kwanza lililomshangaza Orsola ni ngazi. Waliposhuka kutoka botini mchana ule walipanda vidato viwili tu. Sasa boti ilikuwa chini kabisa, na vidato vilivyo wazi vilikuwa vitano. Ilibidi baba atangulie chini, apokee masanduku, apokee kigari kilichokunjwa, kisha Loredana amteremshie mtoto mikononi kwa uangalifu. Orsola alivihesabu tena. Kama maji yalipwa saa sita, mbona sasa yako chini zaidi?

Wakavaa jaketi okozi. Tobia alikuwa akiutazama ukuta wa gati kwa mshangao. "Dada, kwa nini ukuta una nywele za kijani?"

"Si nywele. Ni mwani."

"Mwani si unakaa ndani ya maji? Mbona huu uko nje?"

Hapa palikuwa mahali pazuri pa kusema ukweli, na Orsola alipaona. Lakini macho ya Tobia yalikuwa yanasubiri jibu, tena jibu la mtu anayejua kila kitu. "Mwani wa kwetu hupenda jua," alisema. "Hutoka nje mchana kujipasha."

"Lo!" alisema Tobia, akaamini kabisa.

Boti ikaondoka. Kutoka uwanja wa ndege hadi mjini unavuka wangwa mpana wa maji ya chumvi, na njia ya boti imewekewa alama za nguzo za mbao, tatu tatu zilizofungwa pamoja. Ndani ya nguzo kuna kina. Nje ya nguzo maji yanaonekana yale yale, yanang'aa vile vile, lakini pengine chini yake kuna tope kiasi cha goti tu. Siku ilikuwa ya baridi kali isiyo na upepo. Milima ya mbali ilionekana na theluji yake, na Tobia hakuacha kuuliza. Kwa nini nguzo ziko tatu tatu? Nani alizipanda? Yule shakwe aliyekaa juu yake anasubiri nani? Boti zina taa za barabarani? Maswali yale mengine Orsola aliyajibu vizuri, maana aliyajua, na kwa muda alisahau ngazi.

Kisha Agnese akaanza kulia. Hakulia kidogo kidogo. Alilia kwa nguvu zote za miezi kumi, uso umekuwa mwekundu kwa baridi. Loredana alimfunika kwa blanketi, akampa ile chupa ya mwisho, mtoto akaisukuma.

"Anataka joto," alisema Loredana. "Shemeji, bado mbali?"

"Kwa njia hii, dakika arobaini, maana lazima tuzunguke kisiwa." Baba alitazama upande wa kushoto, ambako fimbo nyembamba zilichomoza majini zikielekea moja kwa moja mjini. Hiyo ni njia ya mkato ya watu wa hapa. Bibi Nives huitumia tangu utoto wake, maji yakiwa ya kutosha. "Kwa pale tunaokoa dakika ishirini. Orsola, kwa sentimita ishirini na tano tunapita?"

"Kwa ishirini na tano tunapita," alisema Orsola.

Hilo lilikuwa kweli. Kwa ishirini na tano hupita hata boti ya kubeba mchanga. Orsola alijituliza kwa ukweli huo mdogo, naye alijua wazi kwamba anajidanganya. Ishirini na tano ilikuwa namba ya Jumatatu. Jumatatu yalikuwa maji mafu, ambayo hupanda kidogo na kushuka kidogo. Na jana usiku aliuona mwezi kutoka kitandani, mpana kama sahani. Mwezi mpevu huleta bamvua, na siku za bamvua maji hujaa sana na kupwa sana. Alikuwa akilijua hilo tangu ana miaka sita.

Boti ikageuka kushoto, ikaziacha nguzo nene nyuma.

Wakikwama kwenye tope na maji yanaendelea kushuka, hakuna wa kuwavuta. Boti ya kuja kuwasaidia nayo itakwama. Itabidi wakae hapo mpaka maji yapwe yote, halafu yarudi tena. Mwaka juzi jirani mmoja alikaa hivyo kwa muda wa saa sita. Alikuwa mtu mzima aliyevaa makoti mawili, na bado alirudi akitetemeka midomo. Agnese ana miezi kumi na chupa moja ya maziwa. Orsola alilijua hilo lote, na bado mdomo haukufunguka. Angesemaje? Kwamba Profesa alifuta neno "Jumatatu" na kuandika "Jumanne"? Mbele ya mama mdogo aliyemsifia kule Ajentina?

Tobia alimvuta mkono. "Dada, tazama! Wale ndege weupe wanatembea juu ya maji! Kwa nini hawazami?"

Orsola akatazama. Mbele yao, hatua kama hamsini, yangeyange wawili walikuwa wanatembea taratibu katikati ya wangwa, wakiinua miguu yao myembamba mmoja baada ya mwingine. Maji hayakufika hata vifundoni mwao.

"Dada? Kwa nini?"

Jibu la uongo lilikuwa tayari ulimini. Ndege wale ni wepesi sana, mdogo wangu, mifupa yao ina hewa. Tobia angeliamini, kama alivyoamini mwani unaojipasha jua. Orsola aliutazama uso ule mdogo uliofunikwa kofia ya sufu, akajiona mbaya kuliko alivyowahi kujiona.

"Baba, simama!" alipiga kelele. "Zima injini! Ubao ni wa uongo!"

Baba akaipunguza injini. "Unasemaje?"

"Sikuangalia maji. Sijaangalia tangu Jumatatu. Nilikuwa nabadilisha jina la siku tu. Leo ni bamvua, baba, maji yanashuka, na sijui yatashuka mpaka wapi. Wale ndege wamesimama kwenye tope!"

Baba aligeuka. Nyuma ya injini maji yalikuwa yamegeuka rangi ya kahawia. Baba akazima kabisa, na wote wakaihisi boti ikigusa chini kwa nyuma, taratibu, kama mtu anayeketi kwenye godoro.

"Mungu wangu," alisema Loredana, akamkumbatia mtoto zaidi.

Baba hakupaza sauti. Uso wake ulikuwa mweupe. Alianza kufungua viatu. "Nitashuka nisukume."

"Usishuke, baba!" Orsola alimshika mkono. "Tope litakumeza mpaka mapajani, hutatoka. Bibi alinionyesha cha kufanya."

Baba alimtazama machoni. "Orsola, sikiliza vizuri. Hili unalijua, au unadhani unalijua?"

Hakuwahi kuulizwa swali kama hilo, na lilimuuma. Alilifikiria kweli kweli kabla ya kujibu. "Hili nalijua. Tumelifanya mara mbili na bibi, kule nyuma ya kisiwa cha makaburi. Tuinue injini kwanza. Kisha uzito wote uje mbele, nyuma kuwe kwepesi, halafu turudi kinyumenyume tulikotoka, kwa kasia, tukisukuma chini kama kwa upondo."

"Haya. Sema, sisi tunafuata."

Wakainua injini. Masanduku matatu yakasogezwa mbele moja moja. Loredana akahamia mbele kabisa, kwenye omo, na watoto wake, akaketi juu ya sanduku kubwa. Orsola na baba wakasimama, kila mmoja na kasia lake, wakalikita kwenye tope na kusukuma. Boti haikujongea. Wakasukuma tena. Kasia la baba lilizama likanata, nusura limtupe nje.

"Usilikite kwa nguvu, baba. Lilaze kidogo. Sukuma, uchomoe upesi."

"Nahesabu!" alisema Tobia, ambaye kwa furaha yake yeye alidhani hii ndiyo desturi ya kuingia Venisi. "Moja! Mbili! Tatu!"

Kwenye saba boti ilitikisika. Kwenye kumi na mbili ilisogea kama hatua moja. Loredana naye, mtoto begani, akaanza kuhesabu na mwanawe kwa sauti, na hapo Agnese, labda kwa mshangao tu, akanyamaza. Walifika hamsini na sita ndipo kasia la Orsola lilipokosa tope likapata maji matupu. Walizidi kusukuma mpaka wakazipita zile nguzo nene. Baba akashusha injini, akaiwasha, akafuta jasho kwa kofia. Waligeuka kutazama. Mahali walipokuwa wamekwama palikuwa tayari pamechomoza mgongo mweusi wa tope, na shakwe walikuwa wanashuka kuokota chakula.

"Dada," alisema Tobia polepole, "kwa hiyo ule mwani hautoki kujipasha jua?"

"Hapana. Nilikudanganya. Maji yameshuka, mwani umebaki nje. Nisamehe."

Tobia alifikiri. "Na bahari imeenda wapi?"

Loredana alicheka, huku machozi yakimtoka tena. "Haya, hilo nalo mjibu."

Walizunguka kisiwa kwa njia ndefu. Mjini nako mfereji wao haukuwa na maji. Ulikuwa mtaro wa tope, boti za majirani zimelala ubavu. Ilibidi watue kwenye gati kubwa la nje, lile linaloelea, na kuendelea kwa miguu. Hivyo wajukuu wa Bibi Nives waliingia mjini kwao kwa kuvuka madaraja manne. Baba alibeba masanduku mawili mikononi na la tatu mgongoni, Orsola akashika magurudumu ya mbele ya kigari na Loredana ya nyuma. Kwenye daraja la pili walikutana na mzee Gino na mkokoteni wake mtupu. Aliwatazama, akatazama tope, akaelewa yote.

"Ivano! Wewe umeileta boti, au boti imekuleta wewe?"

"Leo tumeletana, mzee wangu," alisema baba akihema. "Tusaidie."

Gino alipakia masanduku huku akicheka. Tobia alikataa kutembea. Alikuwa ameinama kwenye ukingo wa daraja, maana chini ya mfereji kila kitu kilikuwa hadharani: gurudumu la baiskeli, kiti kisicho na miguu, kaa wakikimbizana, na ngazi za mawe zilizoshuka, zikashuka, mpaka zikapotea topeni. "Kwa nini ngazi zinakwenda chini mpaka huko?" aliuliza. Orsola akaanza kufungua mdomo, akaufunga.

"Sijui," alisema. "Tutamuuliza bibi."

Jikoni kulikuwa na joto, ugali wa manjano ulikuwa unafuka moshi, na kando yake bakuli la samaki waliolazwa kwenye siki na vitunguu. Bibi Nives aliwakumbatia wote pamoja, akalia, akawakaripia kwa kuchelewa, akalia tena. Agnese alikunywa maziwa ya moto, akalala usingizi hapo hapo kwenye mapaja ya bibi. Baba alikaa tu akimtazama Orsola, na Orsola alijua anasubiri nini.

Akasimama mbele ya bibi yake, akamweleza yote: pweza, Jumatatu, Jumanne, mwani, ndege. Alipomaliza, machozi yalikuwa yanamdondoka kidevuni.

Bibi Nives alimweka Agnese vizuri mapajani. "Unajua," alisema, "leo alfajiri magoti yaliniuma. Nikatazama mwezi dirishani, nikajiambia, Nives, leo maji yatapwa vibaya, mwambie Ivano asipite mkato. Halafu nikakumbuka kwamba mjukuu wangu anaangalia kila siku kwenye ratiba. Nikasema, magoti ya kizee yana nini cha kumfundisha Orsola? Nikanyamaza. Umeona? Ungesema hujaangalia, mimi ningesema ninachokijua. Ulivyodai unajua, ulitufunga midomo sisi tuliojua."

Orsola alilia zaidi. Hilo hakuwa amelifikiria kabisa.

"Basi, futa uso. Ulisema kabla hatujapoteza mtu, na hilo nalihesabu. Wengi husubiri mpaka waulizwe na polisi. Sasa chukua simu, kaangalie, uandike."

Orsola aliangalia. Akaufuta ubao wote, si jina la siku tu, akaandika namba mpya. Kupwa: saa kumi na dakika ishirini, sentimita hamsini na mbili chini ya alama. Alipogeuka, baba alikuwa amesimama nyuma yake. Alitoa simu yake mfukoni, akaifungua ratiba, akalinganisha namba moja baada ya nyingine kwa kidole. Hakuwahi kufanya hivyo tangu Orsola akabidhiwe ubao ule.

"Ziko sawa," alisema.

Hakusema kwa hasira, lakini ilimchoma Orsola kuliko kofi. "Utakuwa unaangalia kila siku, baba?"

"Kwa sasa, ndiyo."

"Mpaka lini?"

Baba alimtazama Bibi Nives, naye ndiye aliyejibu. "Mwanangu, maji yaliyotuacha mchana yatarudi usiku huu. Yana ratiba, na mtu yeyote anaweza kuisoma. Imani ya mtu haina ratiba. Inapwa kwa siku moja, na kurudi inarudi kwa kadiri utakavyoifanyia kazi. Kwa hiyo anza. Na ukiulizwa usichokijua, sema hujui. Hakuna boti iliyowahi kuzama kwa neno hilo."

Asubuhi ya Jumapili Orsola aliamka kabla ya wote, akaangalia, akaandika. Baba akatoa simu, akalinganisha. Jumatatu vivyo hivyo, na Jumanne, na wiki nzima iliyofuata. Siku moja Orsola aliposhindwa kufungua ratiba kwa sababu mtandao ulikatika, aliandika kwa chaki: "Sijui bado. Muulizeni bibi." Mzee Gino aliisoma dirishani, akacheka, lakini akaenda kumuuliza bibi.

Siku ya ishirini na tatu baba alitoka chumbani amechelewa. Alisimama mbele ya ubao, akausoma huku akifunga kamba za viatu, akachukua kofia yake na kwenda zake kazini. Simu haikutoka mfukoni. Orsola, aliyekuwa amekaa na kikombe chake cha maziwa, alisubiri mpaka mlango ukafungwa, kisha akatabasamu peke yake kwa muda mrefu sana.